Je, Ni Halali Kubadili Pete ya Saa?

Katika mji wa Arusha, na hata katika vijiji vya mlimani kutoka Ilboru mpaka Nkoaranga, twaona vijana wanaovaa saa za mkono za aina ile iitwayo saa za wazamiaji. Ni saa nzito, za chuma, zenye kioo kinene na pete izungukayo pembeni mwa kioo. Nyingi zimeandikwa kwamba zaweza kushuka meta 200 chini ya maji. Mji wetu uko meta 1,400 hivi juu ya bahari, na wengi wa wavaaji hao hawajazama mahali po pote, isipokuwa mvua ya masika iliwakuta njiani. Wala hatuwacheki kwa hilo. Saa imara humfaa hata mkulima wa kahawa na dereva wa daladala, kwa kuwa haiogopi vumbi wala jasho.

Basi katika saa hiyo kitu kinachochakaa kwanza ni ile pete. Hugonga mlango, hukwaruzwa na ukuta, nambari zake hufutika, na rangi yake hupauka kwa jua. Zamani mtu alivumilia, au aliipeleka kwa fundi. Siku hizi pete mpya huagizwa kwa simu kutoka nchi za mbali, na kijana huketi mezani kwao, akaitoa ile ya zamani kwa kisu, akatia nyingine ya rangi aipendayo. Hapo ndipo maneno huanza. Tumewasikia wazee wakisema kwamba kufanya hivyo ni kughushi, yaani kukifanya kitu kionekane kuwa ni kingine. Tumewasikia vijana wakijibu kwamba saa ni mali yao, na mali ya mtu haina msemaji mwingine. Twaona kwamba wote wameshika upande mmoja tu wa jambo. Kubadili pete kwa mkono wako mwenyewe ni halali, tena ni kazi njema. Walakini pete ya saa hii humwambia neno mtu aitazamaye, na mwenye kuibadili amejitwalia neno hilo juu yake. Yafaa tuchunguze ni neno gani, na laambiwa nani.

Kwanza tuieleze pete yenyewe. Mwaka 1953 kiwanda cha Blancpain cha Uswisi kilitoa saa iitwayo Fifty Fathoms kwa ajili ya wazamiaji, na Rolex wakaitoa Submariner yao katika miaka hiyo hiyo. Seiko wa Japani walifuata mwaka 1965. Zote zilikuwa na pete izungukayo. Mzamiaji akitaka kushuka, huizungusha mpaka alama kubwa ya pete isimame mbele ya mshale wa dakika. Tangu hapo hana haja ya kukumbuka alianza saa ngapi. Mshale ukifika penye 20 ya pete, ajua kwamba dakika 20 zimepita. Hesabu hiyo ni ya uhai. Mtu mzima akifanya kazi nyepesi huvuta kama lita 20 za hewa kwa dakika. Katika kina cha meta 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu, basi chupa ya lita 12 iliyojazwa mpaka bari 200 humalizika kwa nusu saa. Tena, kwa jedwali litumiwalo na wengi wanaozamia kwa kujifurahisha, mtu haruhusiwi kukaa kina hicho zaidi ya dakika 20, ikiwa ataka kupanda pasipo kutua njiani. Akizidisha, naitrojeni iliyoingia mwilini mwake yaweza kutoka kwa mapovu katika damu, ikamlemaza au kumwua.

Kwa sababu hiyo pete za saa hizo hatimaye zilifanywa zizunguke upande mmoja tu, kinyume cha mwendo wa mishale. Wasomaji na wafikiri kidogo hekima iliyomo. Pete ikigongwa na mwamba ikasogea, haiwezi kusogea ila kwa upande unaoongeza dakika. Saa itamwambia mzamiaji kwamba amekaa dakika 25, hali amekaa 20. Atapanda mapema, na hasara yake ni kuwaacha samaki kabla ya wakati. Kama pete ingezunguka pande zote mbili, ingeweza kumwambia 15 hali amekwisha kukaa 20. Walioitengeneza walijua kwamba hawawezi kuzuia kila kosa, basi wakachagua kosa liangukie upande gani. Ni nadra kuona fikira kubwa hivi katika kitu kidogo hivi. Kweli, siku hizi wazamiaji wengi huvaa kompyuta ndogo mkononi, na saa imekuwa shahidi wa pili tu. Lakini shahidi wa pili huitwa siku ile wa kwanza anaponyamaza.

Huku kwetu pete ina kazi nyingine. Wako wanaohesabia mkate tanuruni, na wako wanaohesabia safari ya Moshi. Tumemwona hata mzee mmoja wa kanisa akiizungusha taratibu mhubiri alipopanda mimbarani, nasi hatukumwuliza sababu. Na wenye saa ambazo pete zao zina nambari za saa 12 wameng'amua kwamba wakiigeuza pete nusu mzunguko, 12 ikasimama penye 6, saa ya Kizungu husomeka kwa Kiswahili: mshale ukiwa penye 7, pete yasema 1, yaani saa moja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, kwa maana asiyejua kazi hawezi kujua ni mahali gani mtu hudanganya. Pete nyingi za saa hizi zimebanwa tu juu ya ukingo wa kasha la saa. Ziko chache zilizofungwa kwa skrubu ndogo za pembeni, na hizo zisilazimishwe kwa kisu. Mwenye kufanya kazi hii nyumbani hutandika kitambaa, huivua saa mkanda wake, na kubandika utepe wa gundi juu ya kasha na kioo, chuma kisikwaruze chuma. Kisha hutafuta mwanya mwembamba kati ya pete na kasha, hutia makali ya kisu kifupi chembamba, na kukisokota kidogo. Hatumii nguvu nyingi, wala hang'oi upande mmoja tu. Huzunguka, akiinua kidogo hapa na kidogo pale, mpaka pete iruke juu. Mwenye haraka huipinda pete, au hujikata kidole. Kidole hupona, pete iliyopindika hainyoki tena.

Chini yake patakuwa na uchafu ambao mwenye saa hakuudhani. Vumbi jeusi la mlima wetu, lililochanganyika na jasho na sabuni kwa miaka, huwa kama udongo mgumu. Patakuwa na duara la mpira, au waya mwembamba, unaoishika pete isitoke. Tena patakuwa na springi ndogo sana, kipande cha bati kilichokunjwa, chepesi kama kipande cha ukucha. Hiyo ndiyo inayokamata meno ya pete, ikalia tik, tik, na kuizuia isirudi nyuma. Katika saa za Seiko za aina ya SKX007, zilizoanza kutoka mwaka 1996, pete hulia mara 120 katika mzunguko mmoja, kila mlio nusu dakika. Vitu hivyo vyote husafishwa kwa maji ya sabuni na mswaki laini, hukaushwa, na mpira hupakwa grisi kidogo ya silikoni. Springi hurudishwa mahali pake. Pete mpya huwekwa, alama yake ikielekea 12, na kukandamizwa kwa vidole gumba viwili juu ya kitambaa mpaka isikike ikikaa sawasawa pande zote.

Wengine hawaitoi pete nzima. Hubandua tu kile kibamba chembamba chenye nambari kilicho juu yake, wakabandika kingine kwa gundi. Ni kazi rahisi zaidi, ila kibamba kikikaa upande kwa nafasi ya dakika moja, kila hesabu itakayofanywa baadaye imepotoka kwa dakika hiyo hiyo.

Hadhari mbili tungependa zisisahauliwe. Katika saa nyingine, hasa za zamani, pete ndiyo ikazayo kioo. Ukiitoa umefungua njia ya maji, na saa hiyo isitiwe majini tena mpaka fundi aipime kwa shinikizo. Hadhari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Saa nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa rangi yenye radiamu ili ziwake gizani. Wasichana waliofanya kazi ya kupaka rangi hiyo katika viwanda vya Marekani tangu mwaka 1917, wakichongoa brashi kwa midomo yao kama walivyofundishwa, waliharibika taya na mifupa, na wengi wakafa. Nuru ya rangi hiyo huzimika upesi, lakini sumu yake haiishi kwa mamia ya miaka. Basi mwenye saa ya babu iliyo na nukta za namna hiyo asiikwangue kwa kisu juu ya meza wanapolia watoto.

Turudi kwa wazee na swali lao: je, saa iliyotiwa pete mpya ni saa ile ile? Mwandishi wa Uyunani, Plutarch, alisimulia jinsi watu wa Athene walivyoitunza merikebu ya Theseus, wakiondoa mbao zilizooza na kutia nzima, hata wenye elimu wakashindana kama hiyo bado ni merikebu ya Theseus au sivyo. Mkulima wa Meru hana haja ya kwenda Athene kutafuta fumbo hilo. Jembe la babu yake limetiwa mipini mitano, naye bado aliita jembe la babu, wala hakuna jirani anayemwita mwongo. Pete ni kama mpini. Iliwekwa nje ili iumie yenyewe, na mitambo ya ndani ipone. Hapa wazee hawana hoja, nasi hatuoni haja ya kukawia.

Lakini tukiiacha saa na kumtazama mtu, jambo lageuka. Tuseme ndugu wawili wamerithi saa ya baba yao. Nambari za pete zimefutika upande mmoja, mahali pa kidole gumba, kwa kuwa marehemu alikuwa na desturi ya kuizungusha kila jioni akisikiliza habari redioni. Mdogo ataka kutia pete mpya, saa ya baba isionekane kuukuu. Mkubwa ataka iachwe kama ilivyo. Nani ana haki? Twakiri kwamba moyo wetu unaelekea kwa mkubwa. Pale palipofutika ndipo mahali pekee katika saa nzima ambapo mkono wa baba umeandika kitu. Na mama yao, akipewa saa hiyo gizani, ataitambua kwa kuipapasa. Hata hivyo mdogo naye hakukosa. Baba hakuinunua saa iwe ukumbusho. Aliinunua ahesabie dakika, na pete isiyosomeka haihesabu. Shauri letu ni kwamba pete mpya itiwe, na ile ya zamani ifungwe katika kitambaa na kuwekwa pamoja na hati za shamba. Kazi hii ina jambo jema moja, nalo ni kwamba yaweza kutanguliwa: siku mama atakapoitaka, pete ya baba itarudi mahali pake kwa robo saa. Kosa lingekuwa kwa yule ambaye angeibadili usiku pasipo kumwambia ndugu yake, hata kama pete mpya ingekuwa nzuri namna gani. Angekuwa amekata shauri la watu watatu peke yake.

Sasa mnunuzi. Mji huu umeijua biashara ya vito tangu tanzanaiti ilipovumbuliwa katika vilima vya Mererani mwaka 1967. Mawe yake mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia. Hutiwa katika joto la nyuzi 500 za Selsiasi au zaidi, ukahawia ukaondoka, ikabaki buluu na zambarau. Wafanya biashara hawaoni haya kwa hilo, kwa sababu kila mtu wa kazi hiyo ajua kwamba jiwe limepita motoni. Lakini mtu akikata kioo cha buluu na kukiuza kwa jina la tanzanaiti, huyo ni mwizi, ijapokuwa macho ya mnunuzi yameona rangi ile ile. Tofauti yao ni moja. Katika lile la kwanza mnunuzi amepata kitu anachodhani kwamba amekipata. Katika la pili hakukipata.

Mtu atatuuliza, vipi kuhusu mgeni aliyeshuka jana kutoka katika ndege, asiyejua habari ya moto? Twajibu kwamba aambiwe. Kumwambia hakumgharimu muuzaji kitu, kwa maana jiwe halipungui thamani kwa habari ambayo soko lote limekwisha kuitia katika bei. Na kama muuzaji aona kwamba mgeni huyo akiambiwa ataghairi, basi ajue kwamba alikuwa akiuza ujinga wa mgeni, na jiwe lilikuwa kisingizio.

Kwa kipimo hicho hicho tuzipime saa. Kijana atiaye pete ya buluu mahali pa nyeusi, akaivaa mwenyewe, hamwambii mtu uongo wo wote. Ni kama kupaka mlango rangi. Akiiuza na kusema kwamba pete si ya kiwandani, amefanya haki. Lakini wako wakusanyaji wa saa za kale, katika nchi nyingi, ambao hulipa fedha nyingi zaidi kwa pete iliyopauka kwa jua la miaka kuliko kwa pete mpya. Nao wako watu waliojua hivyo, wakachukua pete mpya na kuitia katika dawa ya kufulia nguo nyeupe, ikapauka kwa saa chache. Ufundi wa mikono ni ule ule: kisu kile kile, mpira ule ule, vidole gumba vile vile. Lakini huyu ameuza miaka ambayo saa haikuiishi, na kwetu sisi hana tofauti na mwenye kioo cha buluu.

Wengi hawafiki huko. Wengi hunyamaza tu, na kunyamaza ndiko kunakotusumbua zaidi. Muuzaji husema moyoni, "Hakuniuliza, nami sikumwambia uongo." Kwa vitu vingine hoja hiyo yaweza kujadiliwa. Kwa saa ya mzamiaji twaona haisimami, kwa kuwa kitu chenyewe huendelea kusema wakati muuzaji amenyamaza. Zile nambari, ile alama kubwa, na yale maandishi ya meta 200 humwambia kila ashikaye saa: "Niamini chini ya maji." Mnunuzi hana sababu ya kuuliza lililokwisha kuandikwa. Naye aliyeitoa pete na kuirudisha ndiye mtu pekee anayejua kama maneno hayo bado ni kweli.

Jambo hili tulilishuhudia kwa fundi saa mmoja mzee, aketiye barazani si mbali na Mnara wa Saa. Simu zimewapunguzia mafundi hao kazi, nao si wengi tena. Alimjia kijana wa Tengeru, saa mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje?"

"Mzee, nimeitia pete mpya mwenyewe nyumbani, lakini yalegea kidogo. Naomba uikaze. Nimekwisha kupata mnunuzi."

Fundi akaizungusha. Ikaenda kushoto pasipo sauti. Akaizungusha tena, ikaenda kulia vile vile.

"Springi yake i wapi?"

"Springi gani, mzee? Kulikuwa na kikaratasi cha bati, kilidondoka nilipokuwa nikisafisha. Nilidhani ni takataka, nikakifagia."

Mzee akakaa kimya, kisha akamwuliza mnunuzi ni nani. Kijana akasema ni mwenzake aongozaye watalii, ambaye mwezi ujao aenda Unguja kujifunza kuzamia, naye ameipenda saa hiyo kwa sababu ya rangi yake.

"Amekuuliza kama inazuia?"

"Hakuuliza. Hajui."

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua, mzee. Mpaka sasa hivi."

"Basi tangu sasa hivi wajua."

Fundi hakuongeza neno juu ya hilo. Akafungua kopo lenye saa zilizokufa, akapekua kwa koleo ndogo mpaka akapata moja ya aina ile ile, akaitoa springi yake. Kijana akauliza kama ni lazima mnunuzi aambiwe, maadamu sasa itakuwa imetengenezwa. Tuliokuwapo tulitofautiana. Mmoja alisema kwamba saa iliyopona haina habari ya ugonjwa. Sisi tuliona kwamba aambiwe mambo mawili: kwamba pete si ya kiwandani, na kwamba iliondolewa, ili kabla ya kushuka nayo baharini aipeleke ipimwe kwa shinikizo. Mzee alikuwa upande wetu, ila kwa sababu yake mwenyewe: alisema springi iliyotoka katika saa mfu yeye hawezi kuiapia miaka mingapi.

Kijana akampigia mwenzake simu pale pale barazani. Mnunuzi alipunguza shilingi elfu ishirini, wala hakuiacha saa. Kijana alilalamika kidogo juu ya hizo elfu ishirini, kama mtu ye yote angelalamika. Fundi alikuwa amekwisha kuikandamiza pete mahali pake. Akaiweka saa sikioni, akaanza kuizungusha polepole, akihesabu milio kwa midomo mpaka ikatimia 120. Kisha akaishika kwa nguvu na kujaribu kuirudisha nyuma, nayo haikurudi.